Mkono Juu ya Kobe

Jumamosi iliyopita tulimzika Dokta Koleta, na mazishi yalichelewa kwa sababu yangu. Nasema mapema, maana hapa Gitega, mtaa wetu wa Kigali, habari inashuka ngazi kabla mwenyewe hajafika nyumbani. Nimeshaulizwa na muuza mkaa, na mke wa imamu, na hata binti wa kinyozi ambaye siku zote salamu yangu haiitikii: "Eti Mama Zuhura, ulisimamisha jeneza?" Nilisimamisha, ndiyo. Sikuwa mgonjwa, wala sikupandwa na kitu. Haki hiyo nilipewa na marehemu mwenyewe, katika mwaka mmoja ambao nataka kuueleza hapa ili nisiulizwe tena. Kuandika kwangu ni kwa darasa la tano, na darasa lenyewe lilikuwa linavuja, kwa hiyo msomaji atanisamehe. Habari za baba yangu na mama yangu, nani alitoka pwani na nani alimkuta nani, hazimo humu. Watu wakiandika maisha yao wanaanza na babu wa babu, wakifika kwao wenyewe wino umekwisha. Mimi naanza nikiwa na miaka arobaini na saba, mjane, bibi tayari, nimekaa barazani nyuma ya cherehani. Wenye ujana wa miaka kumi na minane wautunze. Wangu ulinikuta mwaka ule.

Alikuja mwanamume amevaa salopeti ya bluu, ile ovaroli ya mafundi, mfuko wa kifua umejaa bisibisi, begani amebeba turubai lililokunjwa. Huyo alikuwa Faustini, fundi mitambo, ambaye Kiswahili alikiokota gereji, na kwake l na r ni mapacha, hajui nani mkubwa. "Mama, nasikia wewe nashona hema ya harusi," alisema. "Unaweza kushona nguo ya mashini?" Nikamwambia mashine ninayoijua mimi haivai nguo. "Hii iko navaa. Kuja uone." Nikafunga cherehani, nikampa jirani ufunguo, nikapanda naye mpaka Kiyovu, kwenye nyumba kuukuu ya Wazungu wa zamani. Ilikuwa imekodishwa kwa sababu moja tu: nyuma yake palikuwa na bwawa la kuogelea lenye kina kuliko mabwawa yote ya mtaa ule. Barazani, juu ya vibao, palikuwa na dude la manjano, kubwa kama kitanda cha watu wawili, lina mikono miwili ya chuma na macho ya taa, na mkia wa kebo mrefu umezungushwa kwenye pipa. Faustini alilipapasa mgongoni kama mtu anavyompapasa ng'ombe wake. "Huyu naitwa Kobe," akasema. "Nashuka chini ya maji mahali mutu hawezi kufika."

Mwenye Kobe alitoka jikoni anatafuna karoti. Mwanamke mfupi, nywele amezikata kama mvulana, mvi zimeanza mbele, kandambili miguuni. Alikuwa mwenzetu wa hapa, ila amekulia Tanga, na Kiswahili chake kilinyooka hata mimi ninayejidai nacho nikaona haya. Aliutazama mshono wa mfano nilioshona pale pale, akaupitisha ukucha. "Nani alikufundisha mshono huu, mama?" Nikamjibu, "Njaa." Akacheka mpaka karoti ikampalia. "Hebu baki," akasema. Nikabaki. Siku ya pili nilimwonyesha goti langu linalouma, kwa sababu wote walimwita Dokta. Alilitazama kwa heshima zote, akalibonyeza, kisha akasema, "Pole sana, Mama Zuhura. Mimi ni daktari wa matope. Ya chini ya bahari." Nikalishusha gauni. Nilisikia aibu wiki nzima, lakini toka siku hiyo alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Goti limeamkaje?"

Niseme kilichokuwa kinatafutwa pale, ili anayesoma asipotee. Kulikuwa na meli ya utafiti wa bahari kuu, na wenye meli walikuwa wanatafuta mkuu wa sayansi wa vyombo vya kilindini. Huyo si nahodha wala fundi. Huyo ndiye anayesema chombo kishuke wapi, kilete nini, na siku gani kisishuke hata kama watu wote wanataka. Dokta alikuwa ameshafanya kazi chini ya wakuu wa namna hiyo miaka mingi, akiwabebea madaftari. Sasa alikuwa anaitaka nafasi yenyewe. Wenye meli walimwambia, sawa, tuonyeshe kwamba unaweza kuongoza watu na chombo chako mwenyewe. Mtu wetu atakuja kutazama, kwanza bwawani, halafu ziwani Kivu. Basi sisi hapo juu ya kilima cha Kigali, bahari iko mbali mpaka hata harufu yake hatuijui, tulikuwa tunahangaikia bahari kutwa nzima. Nilishona nguo ya Kobe, nikashona mifuko ya maboya yake, nikashona ala ya kebo. Na kwa kuwa mpishi aliyekuwepo alikuwa anapika ugali kama udongo wa tofali, nikachukua na jiko.

Nyumba ile naikumbuka kuliko niliyolala usiku. Palikuwa na meza ndefu ya sebuleni, iliyochubuka, tulipokula wote pamoja: Dokta, Faustini, vijana wawili wa kebo, na mimi. Kati ya jiko na sebule palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na nasema wazi, yaliyosemwa upande wa pili nilikuwa nayasikia yote. Palikuwa na chumba kilichokuwa cha watoto zamani, ukutani wamechorwa bata wa rangi wanakwenda mstari mmoja, na hicho ndicho kilikuwa chumba kitakatifu. Mle ndani ndimo walimofungia mikebe ya Kobe, yenye umeme wake na akili zake. Kila mkebe unafungwa na ringi ya mpira, imepakwa mafuta yake maalumu, na ringi hiyo haitaki uchafu hata kidogo. "Unywere mmoja tu," alisema Faustini, "maji nakuta njia." Aliniambia pia jambo ambalo sikuliamini mwanzoni: kule chini kabisa maji yenyewe yanaukandamiza mpira ukafunga vizuri, na hatari kubwa ni maji ya juu juu, yasiyo na nguvu, kama ya bwawa. Kwa hiyo kuingia kwa bata, kama tulivyokuita, kulikuwa na sheria: viatu nje, nywele zifungwe, mikono ioshwe, nguo ya nyuzi nyuzi hapana.

Halafu kulikuwa na desturi mbili za Dokta. Ya kwanza ya mezani. Chakula kikishapakuliwa, hakuna anayegusa mpaka kila mtu ataje kosa lake la siku. Kosa lake, si la mwenzake. "Kosa la leo?" Dokta anauliza, anaanza mwenyewe: "Nimesoma kipimo miwani iko kichwani." Faustini: "Nimetukana bisibisi." Kijana wa kebo: "Nimelala kwenye pipa." Mimi nilikuwa nasema, "Chumvi imezidi," kila siku chumvi, kwa sababu niliona makosa ya jikoni hayana hatari. Walicheka, tukala. Ijumaa nikipika pilau walikuwa wanataja makosa mbio mbio kama watu wanaofukuzwa. Desturi ya pili ilikuwa ya kuweka mkono. Kobe kabla hajaingia majini, wote waliomgusa, hata aliyeshona nguo yake, wanamzunguka, wanaweka mkono mgongoni, na mmoja mmoja anasema, "Tayari." Au anasema, "Sijaridhika." Mtu mmoja akisema sijaridhika, kazi inasimama, mikebe inafunguliwa, na hakuna ruhusa ya kumwuliza kwa nini. "Sababu haiulizwi," Dokta alisema. "Mkianza kuulizana sababu, wanyonge watanyamaza." Mimi mnyonge nikaweka mkono wangu juu ya chuma cha manjano, na ile mara ya kwanza nilijiona mtu.

Mtu wa wenye meli alikuwa Nahodha Sefu, mzee wa Mombasa aliyestaafu, kofia ya vito iliyodariziwa kwa mkono imekaa sawasawa, miguu haitulii. Siku Dokta alipokwenda kumpokea uwanja wa ndege, mvua ilikusanyika na umeme ukakatika saa nane mchana, giza likaingia kwa bata. Faustini alikuwa katikati ya kufunga mkebe wa pili, mikono yote miwili ina mafuta, kifuniko kimekaa nusu. Akapiga kelele, "Mama Zuhura! Kuja na tochi, haraka!" Nilikuwa kwenye cherehani namalizia pindo kwa uzi mwekundu. Nikavua viatu, nikafunga nywele, nikanawa mikono mpaka kwenye kiwiko. Lakini fundi cherehani ana ugonjwa wake: kipande cha uzi kilichobaki hakitupi, anakibana midomoni, kitashikiza kifungo baadaye. Mikono nilinawa. Mdomo sikuukumbuka. Nikasimama juu ya mkebe na tochi. "Sogeza kidogo," alisema Faustini. "Hivi?" nikamjibu. Hapo nilifungua mdomo. Akashusha kifuniko, akakaza skrubu zote, akanishukuru. Niliporudi kwenye cherehani nikapeleka vidole midomoni, uzi haupo. Nikatazama sakafuni, kifuani, ndani ya viatu. Nikajiambia nimeumeza. Msomaji, mimi naujua uzi. Uzi uliomezwa unaacha kikohozi.

Kesho yake asubuhi, Jumanne, tukamzunguka Kobe kando ya bwawa, Nahodha kando yetu anatabasamu. "Watu wa milimani," alisema, "bahari mmeijulia wapi nyinyi? Kwenye kalenda?" Dokta akamjibu, "Kalenda yetu ina kina, Nahodha. Subiri." Mkono wa Faustini: tayari. Vijana: tayari, tayari. Dokta: tayari. Ukabaki wangu. Nikafikiria Nahodha yule na kofia yake, na Dokta aliyevaa siku hiyo viatu vya kufunga kwa mara ya kwanza, na mimi mpishi nisimamishe shughuli ya watu wazima kwa uzi ambao labda nimeumeza. Nikasema, "Tayari." Neno lilitoka jepesi kama ganda la karanga. Kobe akashuka, taa zikawaka, bwawa zima likageuka kijani. Walikuwa wametupa chini kijiko changu cha pilau, na mkono wa chuma ukakiokota taratibu, kama bibi arusi anayelishwa keki, Nahodha akapiga makofi. Halafu taa moja ikafifia. Mkono ukatikisika. Povu dogo likapanda, nyuzi nyuzi. Kobe akasimama chini pale, kijiko mkononi, hajibu.

Walimtoa, Dokta akajifungia kwa bata na Nahodha, hakumtaka mwingine. Nilikuwa natembea jikoni toka mlango hadi mlango, nimeshika mwiko usio na kazi. Walipotoka wakakaa mezani, nami nikakaa kwenye kidirisha. "Chombo kimekunywa maji, Dokta," Nahodha alisema. "Wenye meli wataniuliza huyo mkuu wao ajaye alikuwa wapi." "Waambie alikuwa hapa hapa," Dokta akajibu. "Nipe mpaka Ijumaa." "Ijumaa ya nini?" "Nina kitu nakisubiri." Nikadhani anasubiri kipuri. Mchana tukakaa kula, akauliza kama kawaida, "Kosa la leo?" Yake akasema, "Nimeacha nyumba bila taa ya akiba." Faustini akasema, "Kosa yangu ni mkebe. Nimefunga vibaya, nimeua mashini," na hakugusa sahani. Ilipofika kwangu nikasema, "Chumvi."

Jumatano, chumvi. Nasimama hapa ninapoandika, nakwenda kutazama kama mlango umefungwa, narudi, kwa sababu siku zile bado zinanisumbua miguuni. Sikuweza kukaa. Nilifagia palipofagiwa. Nilifumua mshono mzuri nikaushona upya. Faustini hakula Jumanne, hakula Jumatano. Maharage yalipoa mbele yake yakafanya ngozi. Alikuwa anakaa kando ya bwawa anautazama ule mkebe, anauzungusha mikononi, anarudia mwendo wa kufunga hewani bila kitu, akitafuta mahali alipokosea. Mtu anatafuta kosa ambalo liko jikoni linamenya viazi! Alhamisi nikaliona sanduku lake la vifaa limefungwa kamba, liko mlangoni. Tukakaa. Nahodha alikuwa amekaa nasi siku hiyo. Faustini akasema, "Kosa yangu mnajua. Leo naaga." Dokta akanigeukia. "Na lako, Mama Zuhura?" "Chumvi," nikasema. "Chumvi tena?" Akachovya kidole kwenye mchuzi, akaonja, akautazama uso wangu. "Mchuzi huu hauna chumvi hata chembe." Ni kweli. Siku tatu nilikuwa nasahau kutia.

Nikasema. Sikusema vizuri, nilianza na tochi, nikarudi kwenye pindo, nikaingia kwenye mdomo, nikasema neno uzi mara nyingi kama mtu anayeuza. Nilipomaliza, Dokta aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa, akaifungua juu ya meza. Ulikuwa humo, mwekundu, urefu wa kidole, umelala na mafuta ya ringi. Alikuwa nao toka Jumanne. Faustini aliutazama muda mrefu. Sikuwahi kuona mtu anakasirika polepole vile. "Mama Zuhura," akasema, "mimi nakura chakura yako kila siku. Wewe naniona nakufa, nanipa maharage." Nahodha akauliza, na hakuwa anatania tena: "Mpishi aliingiaje chumba kile?" Dokta akasema, "Kwa mlango niliouacha wazi mimi." Nahodha akaandika. Alikuwa na kidaftari kidogo chenye jalada la kijani, na toka siku hiyo nakichukia kijani cha namna hiyo hata kwenye kanga.

Jioni ile Dokta alikuja jikoni nikiwa nimeshavua aproni, natafuta pochi yangu. "Unakwenda wapi?" "Si unanifukuza?" "Nikikufukuza," alisema, "nitaajiri mtu ambaye kosa hili bado hajalifanya. Ya nini?" Akakaa juu ya gunia la viazi. "Uzi nilishausamehe siku ile ile. Uzi ni uzi. Ile 'tayari' yako ndiyo inayoninyima raha. Uliniwekea mkono, Mama Zuhura, na moyo haukuwepo." Nikamwambia niliogopa. "Najua uliogopa. Ndiyo maana kuna desturi. Kwa watu wasioogopa ningeiweka ya nini?" Akaniuliza goti, nikasema linauma, akaondoka. Faustini hakunisemesha mwezi mzima. Alikuwa anapokea sahani kidirishani kama mtu anayepokea barua ya mahakama. Kilichomrudisha si maneno yangu. Nilimshonea salopeti mpya, mifuko minane, mshono wa ndani umefichwa wote, hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia. Aliigeuza nje ndani, akaikagua kila mahali, akasema, "Hii naweza kuingia nayo kwa bata." Basi tukapatana.

Kivu tulikwenda mwishoni mwa kiangazi, Kobe akiwa juu ya lori amevaa nguo yangu. Nahodha alirudi kutoka Mombasa kwa siku moja tu, kesho yake alikuwa na safari. Ziwa lilikuwa limetulia kama maji ya beseni, wote wakasema siku ndiyo hii. Juu ya boti tukazunguka, mikono juu. Tayari, tayari, tayari. Mkono wangu ulikuwa mwisho. Na moyo wangu, msomaji, ukakataa. Sikuwa nimeona kitu. Sikuwa nimesikia kitu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa hofu tu imebaki ndani yangu kama mwiba, au ulikuwa ujuzi. Nikamtazama Dokta. Alikuwa ananitazama, na alikuwa anajua kabisa ni nini kitamtoka mkononi nikisema. Nikasema, "Sijaridhika." Faustini akashika kichwa. "Mama weee! Leo? Leo?" Nahodha akatazama saa. "Dokta, mwulize basi ana nini." Dokta akasema, "Hapa sababu haiulizwi," akachukua bisibisi ya kwanza mwenyewe.

Walifungua mikebe yote. Ringi moja moja, chini ya turubai langu, mpaka jua likapinda na upepo ukaamka na maji yakaanza kupiga boti. Hawakukuta kitu. Hakuna uzi, hakuna unywele, hakuna tone. Nahodha akashuka ufukweni na viatu vyake mkononi, akatuaga kwa adabu, akaenda zake bila kumwona Kobe akishuka. Chakula cha jioni kilikuwa sambaza, vidagaa vya Kivu, za kukaanga na ndizi, na Dokta akauliza kosa la leo kama siku yoyote. Zamu yangu ilipofika sikujua kama nilikuwa nalo. Akasema, "Mama Zuhura leo hana. Kuleni." Kesho yake tukaweka mikono, nikasema tayari, na mara hii neno lilikuwa na uzito wake. Kobe akashuka mahali ambapo, Faustini aliniambia, hata samaki hawafiki kwa sababu hewa hakuna, akarudi na picha na matope kwenye chupa, mzima kabisa. Tulipiga vigelegele. Aliyetakiwa kuona hakuwepo.

Nafasi ile alipewa mtu mwingine, wa nchi nyingine. Barua ilikuja nikiwa nasonga ugali. Dokta aliisoma amesimama, akaikunja, akala. Miaka miwili baadaye yule mtu aliondoka, wakamwita Dokta, na safari hiyo akawa mkuu wa sayansi kweli kweli, akazunguka bahari zote mpaka mifupa ilipomchoka akarudi Kigali. Lakini hiyo miwili aliipoteza, na alikuwa na umri wa kuihitaji. Nami nikabaki na swali linalonikosesha usingizi na kiti: ni kipi kilichomnyima? Ni uzi, au ni siku ile ya Kivu nilipomsimamisha bure? Nilimwuliza mara moja, akiwa mgonjwa tayari, nimempelekea mtindi. Alinipiga kofi dogo la mkononi. "Mama Zuhura, kunywa chai." Nikamwuliza mara ya pili, mwezi uliopita. Akasema, "Goti linaendeleaje?"

Sasa niseme na la fahari yangu, maana mnyenyekevu sijawahi kuwa. Mjukuu wangu Rahma, aliyekuwa msichana wa shule ya msingi mwaka ule, Dokta alimshika mkono baadaye, akamsukumia vitabu, akamwandikia barua za kumwombea vyuo. Leo hii ninapoandika yuko melini, kaimu mkuu wa sayansi wa vyombo vya kilindini. Kaimu mimi siihesabu; mkuu ni mkuu. Alinipigia simu siku ya msiba, sauti inakatika katika. "Bibi, nimeshindwa kufika. Uniwekee mkono." Nikamwambia nitamwekea. "Na usiseme tayari kama hujawa tayari," akasema, mtoto niliyemsuka nywele.

Kwenye makaburi Faustini, mzee sasa, mgongo umeinama, alituita sisi wa nyumba ile kabla jeneza halijashushwa. Alimwomba padri dakika moja. Tukaweka mikono juu ya mbao. "Tayari," alisema Faustini. "Tayari," wale wa kebo, ambao sasa wana vitambi. Nikaweka yangu miwili, mmoja wa Rahma. Na nikasikia kile kile cha Kivu. Kulikuwa na kitu hakijafungwa. Nikasema, "Sijaridhika." Watu wakageuka. Mdogo wake marehemu, bwana wa suti, akanijia kwa hasira: "Mama, una shida gani? Wewe hata si wa dini hii." Faustini akasimama kati yetu na mgongo wake ule. "Bwana, samahani. Hapa sababu haiulizwi. Iko ya dada yako mwenyewe." Sijui padri alielewa nini, lakini akamtazama yule ndugu, yule ndugu akatazama chini, na wakafungua kifuniko cha juu.

Nikamtazama. Walikuwa wamemvisha ile blauzi nyeupe, kola imekaa sawa. Nilitazama mahali kwa mahali, kama mtu anayekagua ringi: uso, shingo, mikono. Sijui nilitaka nini, labda mdomo ufunguke, aseme ni uzi au ni Kivu. Hakukuwa na kitu. Sikuona jibu, sikuona lawama, hata unywele mmoja nje ya mahali pake haukuwepo. Nikamgusa paji la uso. Wakafunga. Nikarudisha mikono yangu miwili juu ya mbao, nikangoja mpaka moyo ufike, haukufika haraka, watu wanakohoa, na ulipofika nikasema, "Tayari." Jeneza likashuka vizuri.

Baadaye tukaenda kunawa mikono kama ilivyo desturi hapa kwetu watu wakitoka kuzika, tukakaa kwenye viti vya plastiki na soda zetu, chini ya hema ambalo, niseme ukweli, lilishonwa vibaya. Sambusa zikapitishwa. Hakuna aliyegusa. Nikaona Faustini ameshika yake, ananitazama, na wale wawili wanamtazama yeye, tumekaa kama watu wanaongoja mtu aingie kutoka jikoni. Mwishowe akakohoa. "Mama Zuhura," akasema, "kosa ya leo?"

"Chumvi," nikasema.

Alicheka mpaka soda ikammwagikia salopeti. Ndiyo, alikuja msibani na salopeti. Ile ile, ya mifuko minane. Akaifuta kwa kiganja, akanipa nusu ya sambusa yake, tukala.